Ukihamia simu nyingine, utatoka na nini?

Ndugu msikilizaji,

Wiki hii nakusudia kuzungumza nawe juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakibeba mfukoni au mkobani, nacho ni simu ya mkononi. Sizungumzii ile ndogo ya vibonye, ambayo vijana wameipa jina la kiswaswadu, bali hii kubwa ya kupangusa kwa kidole, iitwayo pia simu janja. Wasikilizaji kadhaa wameniuliza kwa nini mwaka 2022 niliacha simu ya iPhone niliyokuwa nayo kwa miaka mitano, nikahamia simu ya Android. Wengine wameuliza ni programu zipi ninazotumia kila siku, na nimezichagua kwa kipimo gani. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana sababu hizo, ingawa ni zangu mwenyewe, zinagusa mambo yanayomhusu kila mwenye simu.

Nianze kwa kusema kwamba sikuhama kwa kuwa simu ya kwanza ilikuwa mbaya. Mabishano ya iPhone na Android siku hizi yamekuwa kama ya Simba na Yanga. Mtu akitaja upande wake, wa upande wa pili anakunja uso. Mimi sina timu katika mchezo huo. Hoja yangu ni moja tu: mtu achague simu kwa kuangalia anaishi na nani na anafanya kazi gani, na kabla ya kuingia kokote aulize atatokaje.

Ili tuelewane, hebu kwanza tujiulize mfumo wa simu ni kitu gani. Ndani ya kila simu janja mna programu kuu inayoendesha kioo, kamera, laini na programu nyingine zote ndogo ndogo. Hiyo ndiyo mfumo. Leo duniani mifumo mikubwa ni miwili. Mmoja ni wa kampuni ya Apple, unaoendesha iPhone peke yake, na ulianza kuuzwa Juni 2007. Wa pili ni Android, unaosimamiwa na Google, ambao simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na ambao hutumiwa na makampuni mengi, yakiwamo Samsung, Tecno, Itel, Infinix na Xiaomi. Programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haiwezi kufanya kazi katika mfumo wa pili mpaka itengenezwe upya kwa ajili yake.

Sisi Watanzania tunao mfano mzuri wa jambo hili katika reli zetu. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo, reli hizo mbili zinapokutana Kidatu, behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea na safari upande wa pili. Lazima mzigo ushushwe, upakiwe upya. Sasa, mtu anayehama kutoka iPhone kwenda Android, au kutoka Android kwenda iPhone, yuko Kidatu. Mzigo wake ni picha, majina ya watu, maongezi, nyaraka na kumbukumbu za miaka. Swali si kama gari moshi la pili ni zuri. Swali ni mzigo gani utavuka salama na upi utabaki jukwaani.

Na hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili halimhusu kwa kuwa yeye hana nia ya kuhama. Mifumo nayo hufa. Wengi wetu tuliwahi kumiliki Nokia zenye mfumo wa Symbian. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu hizo mwaka 2017. Microsoft ilinunua kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014 ikauza simu za mfumo wake wa Windows, na kufikia Januari 2020 ikawa imeacha kuzihudumia. BlackBerry, simu iliyokuwa mkononi mwa kila mkubwa wa ofisi, ilizimiwa huduma za mifumo yake ya zamani tarehe 4 Januari 2022. Siasa nazo huingia. Mei 2019 Marekani iliyawekea makampuni yake mipaka ya kufanya biashara na Huawei, na simu mpya za Huawei zilizofuata zikauzwa bila huduma za Google. Wenye simu hizi zote hawakuchagua kuhama, walihamishwa.

Baada ya utangulizi huo, sasa nieleze sababu zangu.

Ya kwanza ni laini mbili. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya toleo la mwaka 2016, yenye nafasi ya laini moja. iPhone zilizotoka kuanzia mwaka 2018 zinakubali namba mbili, ila kwa nyingi kati ya hizo namba ya pili ni ile isiyotumia kadi. Kazi yangu hunipeleka vijijini, na kila aliyewahi kusafiri vijijini anajua kwamba mtandao unaoshika stendi si lazima ushike bondeni. Nilikuwa nikitembea na simu mbili, chaja mbili na wasiwasi mara mbili. Simu ya laini mbili ilimaliza habari hiyo.

Ya pili ni memori. Simu ile ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 32, na mimi ninarekodi mahojiano marefu. Apple haijawahi kuuza iPhone yenye tundu la kadi ya memori, ilhali simu nyingi za Android za bei ya chini na ya kati zinalo. Kwangu mimi kadi hiyo ni kama kanda tulizozoea zamani: ikijaa naitoa, naiandika jina, naiweka kabatini, naingiza nyingine.

Sababu ya tatu ni watu wa nyumbani kwangu. Mke wangu, ndugu zangu na majirani karibu wote wanatumia Android. Mwaka ule iPhone bado zilikuwa na tundu lao la chaja lisilofanana na la wengine, kwa hiyo umeme ukirudi baada ya kukatika, nyumba nzima ilichangia waya mmoja, na mimi nilikuwa na wangu peke yangu. Sababu hii sasa imepungua nguvu, kwani tangu iPhone 15 ya Septemba 2023 Apple wametumia tundu la USB-C kama wengine, na Umoja wa Ulaya umelifanya kuwa sharti kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024. Lakini lilikuwapo na suala la kurushiana picha. Huku kwetu, mahali pasipo na bando, watu hutumiana picha na nyimbo kwa Bluetooth, na iPhone hairushi mafaili kwa njia hiyo kwenda kwenye Android. Ukiwa kijijini msibani, shangazi anaomba picha ya marehemu, nawe huna intaneti, jambo hilo si dogo.

Sababu ya nne ni lugha. Mfumo wa Android unaweza kuugeuza ukazungumza Kiswahili, na mimi nimeugeuza. Mwanzoni niliona maneno mengine ni mageni, lakini faida yake niliiona nilipoanza kuwasaidia wazee kwa kuwapigia. Namwambia mama yangu, "Mama, bonyeza palipoandikwa Mipangilio, halafu tafuta neno Ruhusa," naye anasoma mwenyewe, anapata. Huhitaji kumpa mjukuu simu ili akusomee mambo yako ya siri.

Ya tano ni bei na fundi. Simu inaibiwa, inaanguka, inaingia maji. Nilitaka simu ambayo ikipotea ninaweza kununua nyingine bila kwenda kukopa, na ambayo fundi wa makao makuu ya wilaya ana kioo chake dukani, bila kumtuma mtu hadi Mtaa wa Aggrey, Kariakoo.

Hizo ndizo sababu zangu tano. Sasa haki inanitaka niseme pia nilichokiacha. iPhone hupewa masahihisho ya usalama kwa miaka mingi. Ile iliyoitwa 5s, ya mwaka 2013, ilipata sahihisho la usalama Januari 2023, karibu miaka kumi baadaye. Simu nyingi za Android za bei nafuu husahauliwa na watengenezaji wake mapema mno, ingawa Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 walianza kuahidi miaka saba kwa simu zao za bei kubwa. Kwa hiyo unaponunua Android, usiulize kamera tu. Uliza itapata masahihisho mpaka mwaka gani. Tena iPhone iliyotumika hukamata bei inapouzwa. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za video za harusi, amebaki na iPhone, na sababu zake ni nzuri kama zangu. Wateja wake wengi wanazo, na programu aliyojifunza kukatia video iko huko. Nyumba moja, mifumo miwili, na hatugombani.

Ndugu msikilizaji, sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupata hasara.

Pesa za simu hazihami kwa sababu hazimo ndani ya simu. Akaunti yako ya M-Pesa, Airtel Money au nyingineyo imefungamana na namba ya laini na namba yako ya siri. Ukiiondoa laini ukaiweka hata katika kiswaswadu, ukabonyeza nyota na tarakimu zake, pesa zako unazikuta. Programu ya benki ni tofauti kidogo. Hiyo hutambua simu, kwa hiyo katika simu mpya utalazimika kujisajili tena, na pengine kufika tawini.

Majina ya watu huhama kwa urahisi iwapo yamehifadhiwa katika akaunti ya intaneti unayoweza kuifungua kote kote. Picha nazo huhama, kwa kunakili kupitia kompyuta au kwa programu za kuhamishia ambazo Apple na Google wote wanazitoa bure. Ila programu ulizozilipia upande mmoja, upande wa pili utazilipia upya. Anayetoka iPhone akumbuke pia kuzima huduma ya ujumbe iitwayo iMessage kabla ya kuitoa laini; asipofanya hivyo, ujumbe wa wenzake wenye iPhone unaweza kuendelea kwenda kule alikotoka, asiuone.

Mzigo mzito kuliko yote ni maongezi ya WhatsApp. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa WhatsApp ni moja, basi maongezi yatamfuata popote. Sivyo. Katika iPhone nakala ya akiba ya WhatsApp hutunzwa katika ghala la Apple, na katika Android hutunzwa katika ghala la Google, na funguo za ghala moja hazifungui la pili. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia rasmi ya kuvusha. Njia ya kutoka iPhone kwenda Android ilitangazwa mwaka 2021, ikianzia na simu za Samsung, na ya kutoka Android kwenda iPhone ikafuata mwaka 2022. Ile ya kwanza hufanyika kwa waya unaounganisha simu mbili, wakati simu mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza. Ukishaanza kuitumia simu mpya ndipo ukakumbuka, itakubidi uifute yote uanze upya.

Kwangu mimi jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Marehemu baba yangu, aliyefariki mwaka 2021 kijijini kwetu Muheza, hakuwa mtu wa kuandika. Lakini kwa miaka mitatu ya mwisho, kwa simu ya mdogo wangu aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti. Zilikuwa sauti 41. Katika baadhi yake ananisalimu tu na kulalamikia bei ya machungwa. Katika nyingine anaeleza ukoo wetu ulitokea wapi, nani alioa wapi, na shamba la bondeni linapakana na nani, kuanzia mnazi hadi mkondo wa maji, na ni mwaka gani babu alipewa sehemu ile na mbele ya mashahidi gani. Wajukuu wa jirani walipokuja kuuliza habari ya mpaka, zile sauti ndizo zilizokuwa kumbukumbu pekee iliyobaki ya maneno yake. Hakuna karatasi.

Basi kabla ya kununua simu mpya nilikaa jioni mbili nikazitoa sauti zote, moja moja, nikazihifadhi kama mafaili ya kawaida nje ya WhatsApp. Kila moja niliipa jina na tarehe: baba, mpaka wa shamba, Agosti 2019, baba, ukoo wa bibi, Januari 2020. Nakala moja niliiweka katika kadi ya memori, moja katika kompyuta, na moja nikampa mdogo wangu. Baadaye niliyahamisha pia maongezi yote kwa waya, nayo yakavuka. Lakini hata yasingevuka, sauti ya baba isingebaki jukwaani Kidatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mali yetu nyingine ni sauti na picha, nayo inahitaji daftari lake.

Jambo hilo ndilo lililonipa kipimo cha kuchagulia programu za kila siku. Kila programu inayotaka kukaa katika simu yangu naiuliza maswali manne. Je, iko katika mifumo yote miwili? Je, ninaweza kutoka na vitu vyangu, katika faili linalofunguka mahali pengine? Je, inafanya kazi bando likiisha? Na je, ruhusa inazoziomba zinalingana na kazi yake?

Kwa mazungumzo ninatumia WhatsApp, kwa sababu moja tu, kwamba watu wangu wako huko. Kikundi cha ukoo, cha mtaa na cha kuzikana vyote viko huko, na mtu haachi soko lenye watu akaenda kuketi sokoni peke yake. Kwa mambo machache ya faragha ninatumia Signal, ambayo inaendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara na haiweki matangazo. Zote mbili ziko pande zote.

Kwa pesa, naendelea kubonyeza nyota. Programu za pesa ni nzuri na huonyesha hesabu vizuri, lakini zile tarakimu hupita katika mtandao wa kawaida wa simu na hazihitaji intaneti. Bando limekwisha, uko njiani, mtoto anahitaji nauli, nyota haikuangushi.

Kwa ramani, ninatumia programu zinazotokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004. Unaishusha ramani ya nchi nzima mara moja, kisha unaitumia bila bando. Na hapa pana jambo la kujivunia. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, walipita kwa miguu katika kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wakaandika vichochoro, mitaro na visima. Kazi yao iko wazi kwa kila mtu. Ninapofuata kichochoro cha Tandale katika simu yangu, ninafuata nyayo za vijana hao.

Kwa maandishi, kama haya ninayokusomea, ninatumia daftari la kawaida linalohifadhi maneno matupu bila madoido, kwa kuwa faili la namna hiyo hufunguka katika simu yoyote na kompyuta yoyote. Kwa kusikiliza sauti na video ninatumia VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa Ufaransa mwaka 1996. Ni ya bure, haina matangazo, na hufungua karibu kila aina ya faili, zikiwamo sauti za WhatsApp. Na kwa redio sitaki programu yenye kula bando. Simu yangu ina redio ya FM ndani yake. Nachomeka waya wa masikioni, nao unakuwa erio, nasikiliza bure mpaka betri iishe.

Swali la nne, la ruhusa, naomba nilikazie, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa. Mwaka 2013 huko Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliibana programu moja ya tochi iliyokuwa imeshushwa na mamilioni ya watu. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa. Kumbe ilikuwa ikichukua habari za mahali alipo mwenye simu na kuwapa wafanyabiashara wa matangazo. Tochi inataka kujua uko wapi ili iweje?

Hapa kwetu tumeona makubwa zaidi. Zimeenea programu za mikopo ya haraka zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu. Mtu anakopa kiasi kidogo usiku, mtoto anaumwa, hana pa kwenda. Akichelewa siku mbili, ujumbe unatumwa kwa bosi wake, kwa mkwe wake, kwa mchungaji au shehe wake, kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Watu wameaibishwa, na ndoa zimetikisika. Google walipiga marufuku programu za mikopo zilizo katika duka lao kusoma majina na picha za wakopaji kuanzia mwishoni mwa Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Lakini katika Android mtu anaweza pia kuweka programu iliyotoka nje ya duka, aliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Uhuru huo ndio mmoja wa uzuri wa Android, na ndio mlango ambao mwizi huupenda. Usifungue programu uliyotumiwa na mtu, hata kama ni ndugu yako, mpaka ujue imetoka wapi.

Kwa wale wanaonunua simu zilizotumika, nina neno moja. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa. iPhone tangu mwaka 2013, na Android tangu mwaka 2015, zina kufuli linaloifunga simu kwa akaunti ya mwenyewe, hata ikifutwa. Muuzaji aiwashe mbele yako mpaka mwisho. Akikwambia utamaliza nyumbani, mwachie simu yake.

Ndugu msikilizaji, tangu Machi 2017 Mtanzania ana haki ya kuhama kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine akabaki na namba yake. Kabla ya hapo namba ilikuwa kama kamba shingoni. Watu walivumilia huduma wasiyoipenda kwa kuogopa kupotea kwa wateja na jamaa. Haki ya namna hiyo kwa maongezi na picha zetu bado inatafutwa duniani. Ulaya wamepiga hatua kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali, ambayo makampuni makubwa yalitakiwa kuitii kuanzia Machi 2024. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo tume ya kuisimamia. Ni mwanzo mwema, na inafaa wananchi waijue sheria hiyo na waitumie. Lakini sheria haitakunakilia sauti ya baba yako. Hiyo ni kazi yako.

Kwa hiyo nashauri jambo moja dogo kwa wiki hii. Jioni moja, ukiwa umetulia, fungua simu yako ujiulize: ikizimika usiku huu isiwake tena, ni kitu gani ndani yake ambacho siwezi kukipata kwingine? Utakuta si vitu vingi. Huenda ni picha ya harusi, au ni risiti ya kiwanja, au ni sauti ya mtu ambaye hatasema tena. Kitoe hicho, kipe jina na tarehe, kiweke mahali pawili. Ukishafanya hivyo, uko huru kuchagua simu yoyote, kukaa ulipo au kuhama, na hakuna kampuni itakayokushika kwa kitu ulichokiweka ndani.

Hayo ndiyo niliyokuandalia. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.